Pengwini katika Kinamasi

Orodha ya kwanza ya spishi niliyowahi kuitengeneza kwa programu ilikuwa na pengwini, dubu wa ncha ya kaskazini na nyangumi wa aina kadhaa, ilhali eneo nililolikusudia ni kinamasi kidogo ambacho mtu hukizunguka kwa miguu na kurudi alipoanzia kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimeombwa na kikundi cha watu wanaokitunza kinamasi hicho niwaandalie orodha ya viumbe waliorekodiwa humo ili waiambatishe kwenye mpango wao wa usimamizi, nami nikadhani ni kazi ya jioni moja: kuchora mipaka juu ya ramani, kuituma kwenye hifadhidata, kungoja kidogo, kisha kupanga majina kwa alfabeti. Kosa lilikuwa langu. Mipaka hupelekwa kwa maandishi, kama mfuatano wa nukta, kila nukta ikitanguliza longitudo na kufuatiwa na latitudo, na baadhi ya mifumo huusoma mfuatano huo kwa kanuni kwamba ukienda kinyume cha akrabu za saa, eneo lako ni lile lililo ndani ya mstari, na ukizifuata akrabu, eneo lako ni lile lililo nje. Mimi nilichora kwa kufuata akrabu. Nilikuwa nimeomba spishi za dunia nzima isipokuwa za kinamasi changu.

Afadhali kosa la namna hiyo, kwa sababu pengwini hajifichi. Nilipougeuza mfuatano wa nukta na kutuma ombi upya, nilipata orodha yenye sura ya heshima: ndege wa majini, kereng'ende, vyura, mafunjo na mimea jamaa zake, kuvu chache. Ningeiwasilisha siku ile ile na pengine ningeshukuriwa. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka kuihakiki kwa zana mbili nyingine, na orodha tatu nilizopata hazikulingana, si kwa jina moja au mawili, bali kwa makundi mazima ya majina. Hapakuwa na hitilafu ya kiufundi popote. Kila zana ilikuwa imejibu swali lake barabara, ila maswali yalikuwa matatu, nami nilidhani nimeuliza moja.

Nilichokuwa nikikitafuta ni jibu la swali hili: ni viumbe gani wanaishi hapa? Hakuna programu inayoweza kulijibu. Inaloweza kulijibu ni swali jingine linalofanana nalo kwa mbali: ni majina gani ambayo mtu fulani, siku fulani, aliyaandika na kuyaambatisha na nukta iliyo ndani ya mstari huu? Tofauti ya maswali hayo mawili imebebwa na neno “waliorekodiwa”, ambalo macho hulipita haraka kwenye kichwa cha habari na kukimbilia majina yenyewe. Tangu wakati huo nimekuwa nikizipima zana za aina hii kwa kipimo kimoja tu: nikibonyeza jina, je, nitafikishwa kwenye rekodi iliyolizaa, nikaona aliyeandika, tarehe, ushahidi na namna mahali palivyopatikana? Zana inayonipa majina bila njia ya kurudi kwenye rekodi siitumii, hata ramani zake ziwe za kupendeza namna gani.

Ghala kubwa ambalo zana nyingi huchota humo ni GBIF, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2001 na ambao sekretarieti yake iko Copenhagen, Denmark. GBIF yenyewe haimtumi mtu porini. Hupokea rekodi kutoka kwa majumba ya makumbusho, bustani za mimea, vyuo vikuu, idara za serikali na majukwaa ya raia wa kawaida, kisha huziweka katika muundo mmoja, na jumla yake imeshapita rekodi bilioni 2. Muundo huo, uitwao Darwin Core, uliidhinishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2009, na kwa mtu asiyependa mambo ya kompyuta inatosha kusema kwamba ni makubaliano juu ya safu za jedwali: safu ya jina la kisayansi, safu ya tarehe, za latitudo na longitudo, ya aina ya ushahidi, na nyingine nyingi. Bila makubaliano hayo, mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi katika karne ya 19 usingeweza kukaa katika orodha moja na picha ya simu iliyopigwa jana. Asiyetaka kupakua mistari yote ya rekodi anaweza kuomba orodha ya spishi peke yake, na kila upakuaji hupewa kitambulisho cha kudumu cha DOI, ili mwingine atakayeisoma orodha miaka kumi baadaye ajue ilichotwa lini na kutoka kwa akina nani. Watu wengi huliruka jambo hilo. Kwangu ndilo linaloigeuza orodha kutoka uvumi kuwa hati.

iNaturalist ina tabia nyingine kabisa. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na imebaki na roho ya mazungumzo: mtu huweka picha au sauti, wengine hupendekeza jina, na rekodi hupanda hadi daraja la utafiti ikiwa ina tarehe, mahali na ushahidi, ikiwa zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wamekubaliana, na ikiwa kiumbe mwenyewe hakufugwa wala kupandwa na watu. Rekodi za daraja hilo hupelekwa GBIF, lakini si zote, kwa sababu aliyepiga picha huamua leseni, na asipochagua leseni inayoruhusu matumizi ya wazi, rekodi yake hubaki pale pale jukwaani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza ya orodha zangu kutofautiana. Mtu mmoja mwenye bidii kubwa, ambaye alikuwa amekizunguka kinamasi kile usiku baada ya usiku akiwapiga picha vyura, alikuwa amejihifadhia haki zote, na hivyo vyura wake walikuwako katika zana moja na hawakuwako katika nyingine, kana kwamba wamehama.

Ziko nyingine ambazo nitazitaja kwa kupita. OBIS hushughulikia viumbe wa baharini. Ilizaliwa katika Sensa ya Viumbe wa Baharini ya mwaka 2000 hadi 2010 na sasa imo chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO. Atlas of Living Australia, iliyozinduliwa mwaka 2010, ina ukurasa ambao umekuwa kielelezo changu cha zana rahisi: unaweka nukta kwenye ramani, unachagua nusukipenyo cha kilomita 1, 5 au 10, na orodha inajitokeza ikiwa imegawanywa kwa makundi. Kasoro yake ni ile ya duara lolote, kwamba mito, miteremko na kingo za misitu hazikuumbwa kwa bikari. Kuna pia Map of Life, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, ambayo huongeza juu ya rekodi ramani za maenezi, yaani mchoro wa eneo lote ambamo wataalamu wanadhani spishi fulani hupatikana. Hapo inabidi mtu asimame na kufikiri. Orodha iliyotokana na maenezi huwa ndefu na laini, haina mashimo, kwa kuwa humhesabu kila ambaye angeweza kuwapo. Iliyotokana na rekodi huwa fupi na yenye mapengo, kwa kuwa humwacha kila ambaye hakuonwa. Zote mbili zina kazi yake. Balaa ni pale programu inapozichanganya katika safu moja bila alama, na msomaji akadhani chui aliyepakwa rangi kwenye ramani ya bara zima ameonwa kweli kwenye kichaka kilicho nyuma ya nyumba.

Nikarudi kwenye rekodi za kinamasi, moja baada ya nyingine. Jambo la kwanza lililonishangaza ni safu ya aina ya ushahidi, ambayo nilikuwa sijaifungua. Ndani ya ghala moja mna kielelezo kilichohifadhiwa kwenye droo, mna mtu aliyeona na kuandika, mna kamera iliyoachwa mtini, mna kisukuku, na mna kiumbe hai aliye kifungoni au bustanini. Zana nyingi za haraka huvihesabu vyote kuwa ni spishi za eneo. Ndiyo maana mtu akiomba orodha ya mji wenye bustani kubwa ya mimea hupata miti ya mabara yote, na akiomba orodha ya bonde lenye miamba ya kale hupata wanyama waliotoweka kabla mtu wa kwanza hajazaliwa, wamepangwa kwa alfabeti kati ya panya na popo. Kuna hata rekodi za kutokuwapo, ambazo ni za thamani kubwa: mtaalamu alikwenda, alitafuta kwa njia inayojulikana, hakupata, akaandika kwamba hakupata. Hizo zina safu yake ya pekee, ya kuwapo au kutokuwapo, na anayechota data kwa msimbo wake mwenyewe na kusahau kuichuja safu hiyo atamwingiza katika orodha kiumbe ambaye rekodi yake inasema waziwazi kwamba hayupo.

Baada ya ushahidi, mahali. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndiko nilikopoteza siku nyingi zaidi na ndiko ninakodhani orodha nyingi huharibikia.

Kila rekodi ina nukta, na nukta ikionekana kwenye skrini huwa kali kama ncha ya sindano, hata pale maarifa yaliyo nyuma yake yanapokuwa na upana wa wilaya. Kuna nukta za upuuzi ambazo ni rahisi kuzikamata. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya latitudo 0 na longitudo 0, katika maji ya Ghuba ya Guinea, ambako rekodi zilizoachwa bila mahali huangukia. Wanyama na mimea ya kila namna wanaishi huko kwa amani, juu ya bahari tupu. Kuna rekodi zilizobadilishana latitudo na longitudo, na kuna zilizopoteza alama ya kutoa, zikaruka ikweta na kutua kwenye kizio kingine cha dunia. Kuna zilizowekwa katikati ya nchi kwa sababu lebo ilitaja nchi tu, na kuna ambazo nukta yake ni jengo la makumbusho lenyewe, pale kielelezo kilipo, si pale kilipookotwa. GBIF huziwekea baadhi ya rekodi hizi alama za tahadhari, na kwa wanaotumia R, lugha ya kompyuta ya kazi za takwimu, kuna kifurushi cha CoordinateCleaner, kilichochapishwa mwaka 2019, ambacho huzitafuta nukta za katikati ya nchi, za miji mikuu, za taasisi na za sufuri, na kuzitenga. Nimekitumia na ninakishukuru, ingawa hutenga pia rekodi halali za watu walioona ndege kweli kwenye bustani ya makumbusho, kwa hiyo sikiachii kifute chochote bila mimi kutazama.

Nukta zinazoponyoka ni zile za karibu. Latitudo iliyoandikwa kwa tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali ina uhakika wa takriban kilomita 1.1, iliyoandikwa kwa tarakimu moja, kilomita 11. Kinamasi changu hakifiki kilomita moja kutoka ukingo hadi ukingo. Maana yake ni kwamba rekodi yenye tarakimu mbili iliyotua ndani yake inaweza kuwa ilitoka kwenye mashamba ya jirani, na ile iliyotua mashambani inaweza kuwa ilitoka kinamasini, na hakuna kichujio cha mipaka kinachoweza kulitambua hilo, kwa kuwa kwa kompyuta nukta ama imo ama haimo. Darwin Core ina safu ya kuandika, kwa mita, upana wa mashaka juu ya mahali. Mara nyingi safu hiyo huwa tupu, na utupu huo programu nyingi huusoma kana kwamba ni sufuri. Nimejifunza kuzigawa rekodi zangu katika mafungu matatu: zilizo ndani hata ukizingatia mashaka, zilizo ndani kwa nukta tu, na zisizoniambia lolote. Fungu la tatu ndilo lililokuwa kubwa.

Halafu kuna nukta ambazo zimehamishwa kwa makusudi. iNaturalist hufanya hivyo kwa spishi zilizo hatarini, ili majangili na wakusanyaji wasizifikie: nukta inayoonyeshwa kwa umma huchaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambacho karibu na ikweta kina upana wa kilomita 22 hivi. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini matokeo yake kwa anayetengeneza orodha ya eneo dogo ni ya kuchekesha na kuumiza kwa pamoja: spishi ambazo kikundi kile kilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuzitaja, kwa kuwa ndizo zinazokipa kinamasi hoja ya kulindwa, ndizo hasa ambazo zana haiwezi kuziweka kinamasini. Rekodi za kinamasi zilikuwa zimetawanywa huku na huko vilimani, na ndani ya mipaka yetu walitua wageni wa vilimani. Dawa niliyoiona haikuwa ya kiprogramu. Niliwaandikia walioweka rekodi hizo, nikajieleza mimi ni nani na orodha ni ya nini. Baadhi walinifungulia mahali halisi, wengine walikataa kwa adabu, nami sikuwalaumu.

Majina nayo yana vituko vyake. Watu wa nje hudhani jina la kisayansi ni kitu kilichochongwa kwenye jiwe, na kwamba hiyo ndiyo faida yake juu ya majina ya lugha za kawaida. Chukua mgunga. Miti mingi inayoitwa hivyo ilijulikana kwa jenasi Acacia kwa vizazi, hadi wataalamu walipoona kwamba jenasi hiyo ni mkusanyiko wa makundi yasiyo na nasaba moja ya karibu, na kongamano la kimataifa la mimea lililofanyika Vienna mwaka 2005 likaridhia kwamba jina Acacia libaki na kundi ambalo sehemu kubwa yake iko Australia. Miti ya Afrika ikaangukia Vachellia na Senegalia. Kwa hiyo Acacia tortilis na Vachellia tortilis ni mti mmoja wenye majina mawili, na zana isiyo na jedwali zuri la visawe itakuandikia spishi mbili, moja ya rekodi za zamani na nyingine ya rekodi mpya, na mtu asiyejua ataona kana kwamba mti mmoja ulikufa wote na mwingine ukaota mahali pake. Zana nzuri hulinganisha kila jina na orodha kuu, kama vile Catalogue of Life kwa viumbe wote au WoRMS kwa wa baharini, na kuonyesha lililoandikwa na lililokubaliwa kando kwa kando. Zisizo nzuri hufanya ulinganisho huo gizani na kukupa jibu tu.

Na kuna majina yanayofanana bila kuwa na undugu. Kanuni za kuwapa wanyama majina ni tofauti na kanuni za mimea, wala hazizuiani, kwa hiyo Morus ni mforsadi na Morus ni ndege mkubwa mweupe wa baharini anayejitupa majini kama mshale. Rekodi iliyoishia kwenye jenasi, bila kutaja himaya, inaweza kupelekwa popote. Niliwahi kuikuta mforsadi mmoja katika safu ya ndege, na nikakaa kimya mbele ya skrini nikiwaza jinsi unavyoruka.

Hata idadi yenyewe ya spishi, ile tarakimu ambayo kila mtu huitaka kwa ajili ya sentensi ya kwanza ya ripoti, hutegemea jinsi zana inavyohesabu. iNaturalist huhesabu ncha za matawi: rekodi iliyoishia kwenye jenasi huhesabiwa kuwa moja ikiwa hakuna spishi ya jenasi hiyo iliyorekodiwa mahali hapo, na huacha kuhesabiwa mara spishi inapopatikana. Hoja yake ni nzuri, kwa kuwa buibui asiyejulikana spishi bado ni buibui. Zana nyingine huhesabu yaliyofikia spishi tu, na nyingine tena huhesabu kila jina tofauti, pamoja na nususpishi. Kikundi kilipoona tofauti ya tarakimu kati ya rasimu yangu ya kwanza na ya pili, mzee wao mmoja aliniuliza, kwa upole, kama kuna wanyama waliokufa wiki ile.

Nilimjibu kwamba wamehesabiwa vizuri zaidi, na jibu hilo lilinikera mwenyewe, kwa sababu hata hesabu nzuri haikuwa inagusa tatizo lililo zito kuliko yote, nalo ni jitihada. Rekodi hufuata miguu ya watu. Hujaa kando ya barabara, kwenye vijia, karibu na miji, siku za mapumziko, msimu wa maua. Hupungua usiku, wakati wa mvua, kwenye matope. Ukichora rekodi zote za kinamasi kile kwenye ramani utaona njia ya mbao inayokatiza upande mmoja, imechorwa kwa spishi badala ya wino, na upande wa pili, ambako hakuna njia, utaona weupe. Weupe huo haumaanishi kwamba hakuna kitu. eBird, iliyozinduliwa mwaka 2002 na Maabara ya Ndege ya Cornell pamoja na National Audubon Society, ndiyo inayolikabili jambo hili vizuri zaidi katika zana za umma, ingawa ni ya ndege tu: humwuliza mtazamaji alitumia dakika ngapi, alitembea umbali gani, na kama ameandika ndege wote aliowatambua au wale tu waliomvutia. Swali hilo la mwisho linaonekana dogo. Lakini mtu akisema ameandika wote, basi kila ndege asiyekuwamo katika orodha yake anakuwa amesemewa jambo pia, na ukikusanya orodha nyingi za namna hiyo unaweza kusema, kwa uzito fulani, kwamba ndege fulani huonekana katika robo ya matembezi ya mwezi fulani. Jedwali la majina matupu haliwezi kusema hivyo.

Kuna njia ya kihesabu ya kukadiria wasioonwa, na naitaja kwa kuwa vifurushi vingi vya takwimu huitoa kwa amri moja, jambo linalowatia watu kishawishi. Ni ya mwanatakwimu Anne Chao, ya mwaka 1984. Unachukua idadi ya spishi zilizoonwa, unaongeza mraba wa idadi ya zilizoonwa mara moja tu uliogawanywa kwa mara mbili ya idadi ya zilizoonwa mara mbili. Tuseme umeona spishi 120, kati yake 30 zimeonwa mara moja na 15 mara mbili: 900 gawanya kwa 30 ni 30, na kadirio lako ni spishi zisizopungua 150. Mantiki yake ni kwamba wingi wa walioonwa mara moja ni dalili kwamba wengi wengine bado wamejificha. Katika uchunguzi uliopangwa vizuri naliamini kadirio hili. Katika orodha iliyochotwa kutoka kwenye ghala la kila mtu siliamini, kwa sababu nyingi ya spishi zilizoonwa mara moja humo ni makosa ya utambuzi, nukta zilizopotoka na majina yaliyokosewa tahajia. Kila kosa jipya huongeza kadirio, na eneo lenye data chafu hutokea kuwa tajiri kuliko lenye data safi.

Siku hizi kuna mzunguko mwingine ambao bado sijajua niuogope kiasi gani. Programu za simu hupendekeza jina kwa kuitazama picha, na ili zisipendekeze chura wa Amazoni kwa mtu aliye bara jingine, hutumia pia mahali alipo. iNaturalist imekuwa ikitumia modeli ya kijiografia kwa kazi hiyo tangu mwaka 2023, na mapendekezo yamekuwa bora, nalisema hilo bila kinyongo. Lakini modeli hiyo imefunzwa kwa rekodi zilizopo. Kiumbe aliyekwisha kurekodiwa jirani hupendekezwa kwanza, mtu hulikubali pendekezo, wa pili hulithibitisha kwa kuliona limeandikwa, na rekodi mpya inaingia ghalani kuipa modeli nguvu zaidi. Kiumbe adimu anayefanana na wa kawaida anaweza kuishi miaka mingi ndani ya jina la mwenzake. Katika kinamasi chetu kulikuwa na kereng'ende wa rangi ya samawati ambaye picha zake zote zilikuwa na jina moja la kawaida, zote za daraja la utafiti, na katika hizo ni mbili tu zilizoonyesha ncha ya tumbo, sehemu ambayo kwayo spishi hutofautishwa. Niliandika mbele ya jina hilo kwamba halijathibitishwa. Mtu mmoja kikundini alidhani ninajifanya mjuzi.

Orodha niliyoiwasilisha mwishoni ilikuwa fupi kuliko rasimu zote zilizotangulia, na kila jina lilikuwa na safu sita ubavuni: jina kama lilivyoandikwa na aliyerekodi, jina linalokubaliwa sasa, idadi ya rekodi, mwaka wa rekodi ya mwisho, aina ya ushahidi, na kiungo cha rekodi iliyo bora kuliko zote. Ya nne ndiyo iliyozungumzwa sana. Mimea kadhaa ilikuwa na mwaka wa mwisho ulio kabla ya waliokuwa chumbani kuzaliwa, na mjadala ukageuka kutoka tarakimu kwenda kwenye swali la nani atakayekwenda kuitafuta, na kwa viatu gani. Kazi ya kuchota rekodi niliifanya kwa kifurushi cha rgbif katika R, kwa sababu moja tu: msimbo hubaki, na mwingine anaweza kuusoma na kuona nilichuja nini. Mtu aliyebonyeza vitufe kwenye tovuti huwa na orodha ile ile lakini hawezi tena kueleza alivyoipata.

Baada ya mwezi niliuendesha msimbo ule ule tena, bila kubadilisha herufi, nikailinganisha orodha mpya na ya zamani. Majina matatu yalikuwa yameongezeka na moja lilikuwa limetoweka. Nilianza na lililotoweka. Lilikuwa la nondo mdogo wa kijivu; jina lake lilikuwa limefanywa kisawe cha jina jingine ambalo tayari lilikuwamo, mistari tisa chini yake, na rekodi zake zote zilikuwa zimehamia huko, pamoja na picha, tarehe na nukta zake.